Majani yakistawi kupita kawaida, mzazi chukua tahadhari

Mvua zikinyesha mfululizo, mfugaji hufurahi kuona malisho yamechipua. Lakini ukijani huohuo, ukitazamwa kutoka angani, unaweza kuwa onyo kwa familia yako.

Iko hivi. Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu wa jua na kurudisha mwanga mwingine ambao macho yetu hayauoni. Setilaiti hupima tofauti hiyo, na wataalamu huigeuza kuwa namba. Namba ikipanda kuliko kawaida ya msimu, ni dalili kwamba ardhi imeshiba maji na mimea imeitikia mvua.

Afya inaingiaje hapo? Kupitia mbu. Kwenye mabonde yanayotuama maji Afrika Mashariki, mayai ya baadhi ya mbu aina ya Aedes huweza kukaa kwenye udongo mkavu kwa miaka. Mengine tayari yana virusi vya homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1931. Bonde likifurika, mayai huanguliwa, mbu wanauma ng'ombe, mbuzi na kondoo, na binadamu huambukizwa kwa kugusa damu au viungo vya mnyama mgonjwa, au kwa kuumwa na mbu.

Mwishoni mwa mwaka 2006, watafiti wa Marekani, wakiwamo wa NASA, walitumia joto la bahari, mvua na ukijani huo kutabiri hatari hiyo. Onyo lilitangulia wagonjwa wa kwanza kwa wiki mbili hadi sita. Hata hivyo, zaidi ya watu 300 walifariki Kenya, Somalia na Tanzania. Onyo la angani haliokoi mtu kama halijafika zizini na jikoni.

Kwa hiyo, mvua zikizidi na mifugo ikaanza kutupa mimba au ndama na wana-kondoo kufa kwa wingi, fanya haya:

• Mwite mtaalamu wa mifugo. Usichinje mnyama mgonjwa wala kula nyama ya aliyekufa.

• Watoto wasiguse mimba iliyotupwa. Mtu mzima anayeishughulikia avae glavu.

• Chemsha maziwa, na nyama iive hadi ndani.

• Laleni ndani ya chandarua. Kwa kuwa baadhi ya mbu hawa huuma mchana, wavisheni watoto nguo za mikono mirefu.

Dalili huanza siku mbili hadi sita baada ya maambukizi: homa, kichwa na misuli kuuma. Wengi hupona, lakini wachache hutokwa damu, huathirika macho au ubongo. Usimalizie kwa dawa ya malaria ya dukani. Nenda kituo cha afya, na umweleze mhudumu kwamba nyumbani mna mifugo inayoumwa. Maelezo hayo mafupi yanaweza kumsaidia kutambua ugonjwa mapema.