Betri ya Litiamu Katika Ndege Ndogo: Kabla ya Kuilaumu Betri, Kagua Mfumo Mzima

Na Mwandishi Wetu

Mmiliki wa ndege ndogo anaondoa betri ya risasi na asidi yenye uzito wa takribani kilo 7 na kufunga mahali pake betri ya litiamu ya kilo 2. Siku ya kwanza injini inawaka kwa wepesi kuliko ilivyozoeleka. Wiki mbili baadaye anarejea uwanjani, anapiga starta, na ndege haitoi hata mlio. Anapima betri kwa mita ya umeme na kusoma sifuri. Anahitimisha kuwa ameuziwa betri mbovu.

Mara nyingi hitimisho hilo huwa la haraka. Betri nyingi za litiamu zinazotumika katika ndege ndogo zina mfumo wa ulinzi wa kielektroniki ndani yake, ambao hukata umeme pale chaji inaposhuka kupita kiasi. Hivyo betri inayosoma sifuri huenda haijafa, bali imejifunga ili isiharibike. Swali linalopaswa kuulizwa ni kitu gani kimeifikisha hapo.

Hali hii huwahusu zaidi wamiliki wa ndege zinazoundwa na watu binafsi, ambazo ni nyingi nchini Marekani. Kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya nchi hiyo (FAA) humruhusu mtu kuunda ndege kwa ajili ya kujifunza au burudani, mradi sehemu kubwa ya kazi ifanywe na wajenzi binafsi, na ndege ikaguliwe na kupewa cheti kabla ya kuruka. Uhuru huo unaambatana na wajibu. Mjenzi anapobadili aina ya betri, yeye mwenyewe ndiye anayepaswa kuthibitisha kuwa betri hiyo inaoana na alteneta, kidhibiti volti na nyaya za ndege yake.

Tofauti iliyofichwa na namba 12

Betri zote mbili huitwa za volti 12, lakini hazifanani kwa tabia. Ya risasi ina seli sita, na ikijaa husoma takribani volti 12.7 inapokuwa imetulia. Ya litiamu yenye chuma na fosfeti, ambayo ndiyo hutumika zaidi katika ndege ndogo, ina seli nne na ikijaa husoma takribani volti 13.3.

Aidha, volti za betri ya litiamu hubaki karibu palepale kwa muda mrefu wa matumizi, kisha hushuka ghafla chaji inapokaribia kwisha. Fundi aliyezoea betri ya risasi akiona volti 12.6 huridhika kuwa betri imejaa. Kwa betri ya litiamu, kipimo hicho kina maana kwamba betri iko karibu kuwa tupu.

Hatua za kutafuta chanzo

Kabla ya kipimo chochote, swichi za kuwashia injini zizimwe, magurudumu yazuiwe kwa kabari, na mtu yeyote asisimame karibu na propela. Betri iliyovimba, inayotoa harufu au yenye joto lisilo la kawaida isichajiwe. Iondolewe na kuwekwa mahali pa wazi, mbali na vitu vinavyoshika moto.

Kwanza, betri ichajiwe kwa chaja inayofaa litiamu. Baadhi ya chaja za betri za risasi hutoa mipigo ya volti zaidi ya 15 kwa lengo la kusafisha sahani za ndani, na mipigo hiyo inaweza kuudhuru mfumo wa ulinzi. Vilevile, si salama kuwasha injini kwa kuazima umeme wa betri nyingine kisha kuruka mara moja. Betri tupu ya litiamu hufyonza mkondo mkubwa kwa sababu ukinzani wake wa ndani ni mdogo. Injini ya Rotax 912, kwa mfano, ina jenereta ya ndani ya wati 250, sawa na takribani ampea 18, na mzigo wa namna hiyo unaweza kukipasha moto kidhibiti volti hadi kikaharibika.

Pili, itafutwe sehemu umeme unakopotelea ndege ikiwa imezimwa. Saa na vifaa vinavyotunza kumbukumbu huendelea kutumia umeme kidogo. Mkondo wa ampea 0.05 pekee hula ampea-saa 1.2 kwa siku, hivyo betri ya ampea-saa 12 humalizika ndani ya siku 10. Kwa mmiliki wa mfano wetu, aliyekaa wiki mbili bila kuruka, hesabu hii inatosha kueleza kisa chote.

Tatu, zikaguliwe nyaya na viungio. Starta ikizunguka kwa uvivu wakati betri imejaa, mita iwekwe kati ya ncha hasi ya betri na bodi ya injini wakati starta inapigwa. Kipimo kinachozidi nusu volti kinaashiria waya wa ardhi uliolegea, wenye kutu au mwembamba kupita kiasi. Asubuhi ya baridi, hata hivyo, betri nzima inaweza kuanza kwa unyonge, kisha ikapata nguvu katika jaribio la pili baada ya kupata joto.

Nne, upimwe umeme wa chaji injini ikiwa inazunguka. Kwa kawaida usizidi volti 14.6. Betri ya risasi huvumilia ziada kwa muda kwa kutoa gesi. Ya litiamu hujitenga, na hapo ndipo penye hatari kubwa: alteneta inabaki bila betri ya kutuliza umeme wake, volti zinapanda ghafla, na vifaa vya rubani vinaweza kuungua vyote kwa pamoja angani. Kwa sababu hiyo, kifaa cha kuzima alteneta volti zinapozidi ni sharti la kubadili betri.

Dakika zinazobaki

Ndege nyingi za kisasa zilizoundwa nyumbani zina injini zinazotegemea umeme kwa mafuta na cheche. Alteneta ikifa, betri ndiyo uhai. Ikiwa ndege hutumia ampea 15, betri ya ampea-saa 12 ina dakika 48 kwenye karatasi. Ikiwa imezeeka na kubakiwa na asilimia 80 ya uwezo, zinabaki dakika 38. Mnunuzi asome kwa makini, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji hutaja uwezo unaolinganishwa na betri ya risasi katika kuwasha injini, ambao ni mkubwa kuliko ampea-saa halisi.

Vilevile, kilo 5 zilizopungua huhamisha kitovu cha uzito. Ndege ipimwe upya na mabadiliko yote yaandikwe katika kitabu cha kumbukumbu.

Somo kutoka ndege kubwa

Mwezi Januari 2013, betri za litiamu za ndege mbili za Boeing 787 zilipata hitilafu, moja ikiwa imeegeshwa Boston na nyingine ikiwa safarini nchini Japani. Ndege za aina hiyo zilizuiwa kuruka duniani kote. Ziliporejea mwezi Aprili, safari ya kwanza ya abiria ilikuwa ya Addis Ababa kwenda Nairobi. Betri zile zilikuwa za kemia nyingine, yenye kuwaka kwa urahisi zaidi, lakini suluhisho halikuwa kubadili seli peke yake. Chaja ilirekebishwa, betri ikawekwa ndani ya sanduku la chuma, na moshi ukatengenezewa njia ya kutoka nje ya ndege.

Kwa Tanzania, ubora na usalama wa vyombo vya anga husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Wabunifu wenye ndoto ya kuunda ndege wanahimizwa kuwasiliana na Mamlaka hiyo mapema, kabla ya jaribio lolote la kuruka.

Somo hili linamhusu pia mwananchi asiye na ndege. Betri za litiamu sasa zimo katika mifumo ya umeme wa jua majumbani na katika pikipiki za umeme. Anayeondoa betri ya risasi na kuweka ya litiamu bila kubadili mpangilio wa chaja anarudia kosa lilelile. Kabla ya kununua betri nyingine, muulize fundi wako maswali mawili: chaja yangu inatoa volti ngapi, na ni kitu gani kinachotumia umeme wakati nimezima kila kitu?