Kipimo cha Tauni cha Robo Saa

Sisi wa Kingolwira tumeizoea reli ipitayo kwetu, hata twasahau jinsi safari zilivyokuwa ndefu kabla haijafika Morogoro mwaka 1907. Mwezi huu twataka kunena habari ya safari nyingine, iliyo kati ya mtu kuugua na kujulikana augua nini. Katika ugonjwa wa tauni, urefu wa safari hiyo ndio uwauao watu wengi.

Zamani safari hiyo ilikuwa ya kutisha. Mnamo mwaka 1897 zilitoka habari za ugonjwa mkali katika nchi ya Kiziba, upande wa Bukoba. Vitu vilivyotolewa katika miili ya wagonjwa vilipelekwa kwa Daktari Robert Koch, aliyekuwapo nchini wakati ule, naye akathibitisha ya kuwa ni tauni. Lakini siku hizo hapakuwa na reli wala motokaa, na toka ziwa hata pwani ni majuma mengi kwa miguu. Jawabu lilikuwa la kweli, lakini mgonjwa hakuweza kulingoja.

Tauni ni nini? Ni ugonjwa wa kijidudu kilichogunduliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894. Kijidudu hicho hukaa katika panya, na viroboto hukichukua. Panya akifa, viroboto wake humwacha na kutafuta damu nyingine, nayo mara nyingi ni ya mtu alalaye karibu. Baada ya siku chache mtu hushikwa na homa kali, baridi, maumivu ya kichwa na ulegevu. Kisha huvimba mtoki wenye kuuma sana, kinenani au kwapani au shingoni. Asipotibiwa, katika kila wagonjwa 100 wa tauni ya mitoki watakufa kati ya 30 na 60. Na ikiwa ugonjwa umeingia mapafuni, mtu huueneza kwa kukohoa, na asiyetibiwa ni nadra kupona.

Watu wa Lushoto, katika milima ya Usambara, wayajua haya kwa machozi. Tokea mwaka 1980 hata mwaka 2004 tauni iliwarudia mara kwa mara, na walioshikwa walizidi 7,000. Wala si kwamba dawa ilikosekana ulimwenguni. Streptomisini, jentamisini na doksisaiklini huiponya tauni zikitolewa mapema. Shida ilikuwa kuijua. Siku ya kwanza homa ya tauni yafanana na homa ya malaria, na kuotesha vijidudu katika maabara huchukua siku kadhaa. Mama aliye kijijini mlimani, mtoto wake awaka moto, hana siku hizo.

Basi, wataalamu wa Taasisi ya Pasteur huko Madagaska walitafuta njia fupi, na mwaka 2003 wakatangaza kipimo kidogo walichokwisha kukijaribu katika vituo 26 vya kisiwa kile. Wengi wetu tumekwisha kuona kipimo cha malaria, kile cha tone la damu ya kidoleni. Hiki ni ndugu yake. Kijidudu cha tauni hujifunika gamba laini, ambalo wataalamu huliita F1. Juu ya utepe wa karatasi hupakwa vitu vya kulinasa gamba hilo, kama ulimbo unasavyo ndege. Tabibu aliyefundishwa huvuta majimaji kidogo ya mtoki kwa sindano, huchovya utepe, na kungoja robo saa. Ikitokea mistari miwili, tauni imeonekana. Ukitokea ule mmoja wa kuthibitisha utepe, haikuonekana. Usipotokea hata mmoja, utepe umeharibika, na kazi irudiwe. Haihitaji umeme wala darubini.

Lakini tusikipe kipimo hiki sifa isiyo yake. Kwa majimaji ya mtoki chafanya kazi vizuri. Kwa makohozi ya mgonjwa wa mapafu hakiaminiki vivyo hivyo. Mwaka 2017 tauni iliwaua watu zaidi ya 200 Madagaska, na wengi wa wagonjwa walihesabiwa kuwa wa mapafu. Ndipo upungufu huo ulipoonekana wazi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kitumike kwa tauni ya mitoki, ila kwa mapafu majibu yake yasitegemewe peke yake. Tena maabara yapasa kuthibitisha baadaye. Na lililo kubwa kuliko yote: ikiwa tabibu ashuku tauni, dawa ianze mara moja, pasipo kungoja jawabu lolote. Utepe humsaidia tabibu kujua. Kuponya ni kazi ya dawa.

Huenda mtu atasema, "Lushoto ni mbali, yatuhusu nini sisi?" Panya hawajui mipaka ya wilaya, na ghala za mahindi zi katika kila boma. Hapa jirani, Morogoro, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kina wataalamu wanaochunguza panya na magonjwa yao. Wasingejitaabisha kama jambo hili lingekwisha.

Kwa hiyo twawaomba waalimu wayafundishe mambo haya matatu shuleni, na wazazi wayaseme jioni nyumbani. Kwanza, mkiona panya wengi wamekufa ovyo pasipo sumu wala mtego, msiwashike kwa mikono mitupu. Pelekeni habari upesi. Pili, mwenye homa na mtoki wa ghafula apelekwe zahanati siku ile ile, wala asilazwe ndani kungojea kesho. Tatu, mkifika, mwambieni tabibu habari za panya, maana pasipo neno hilo hataikumbuka tauni.

Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Wataalamu wameifupisha safari ya maabara hata ikawa robo saa. Safari iliyobaki ni ile itokayo kitandani pa mgonjwa hata mlangoni pa zahanati, na hiyo hakuna awezaye kuifupisha ila sisi wenyewe.