Kuingia Nairobi kwa Mlango wa Kangemi

Mji mkubwa una milango mingi, na kila wasafiri wana mlango wao. Sisi watu wa pwani tukienda Nairobi huingia kwa upande wa Athi River, kwa basi la Barabara ya Mombasa, au tangu mwaka 2017 kwa treni ya reli mpya inayotushusha Syokimau. Tukisha kushuka, wengi wetu hushika njia ya Eastleigh au Pumwani, tulikozoea kusikia adhana na kupata pilau. Watu wa magharibi wana mlango mwingine, nami nilioneshwa mlango huo na mzee mmoja wa Malinya.

Malinya iko Ikolomani, katika Kaunti ya Kakamega, na ni nchi ya Waidakho. Wapenda utamaduni huijua kwa mambo mawili: mapigano ya fahali kwa fahali, yanayoanza asubuhi na mapema, na ngoma ya isukuti. Ngoma hiyo hupigwa kwa ngoma tatu, ya baba, ya mama na ya mtoto, pamoja na baragumu la pembe na njuga za chuma. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliitia katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mimi nilikwenda kwa ajili ya hayo. Nilipokuwa najitayarisha kurudi, mzee mwenyeji wangu akaniambia, "Umeiona Malinya nusu tu. Nusu ya pili iko Nairobi. Kesho naenda, twende pamoja."

Mizigo yake ilinishangaza: jogoo wawili hai ndani ya kikapu, mfuko wa unga wa mahindi, mkungu wa ndizi, na furushi la mboga za saga na mrenda. Nikamwuliza kama Nairobi hakuna unga. Akacheka. "Upo, lakini wa kununua. Mgeni asiyebeba chakula huwala wenyeji wake."

Tulipanda basi Kakamega jioni, na kabla ya alfajiri tukawa tumefika. Hatukufika kituo kikuu mjini. Basi litokalo Nakuru huingia kwa barabara ya Waiyaki, na Kangemi huja kabla ya mjini. Hapo nusu ya abiria walishuka na kuku wao, wakisalimiana "mulembe" gizani kama walio sokoni kwao. Yeyote aliyezaliwa magharibi aghalabu ana ndugu Kangemi au Kawangware, na kwake Nairobi huanzia hapo. Majumba marefu ni mambo ya baadaye.

Firigisi ya mwenye nyumba

Tulifikia kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, anayeishi na mke na watoto watatu katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Kijana huyo alikuwa hajakanyaga Malinya kwa miaka minne. Alikuwa amepoteza kazi, akawa anaishi kwa vibarua vya ujenzi, na aliona haya kurudi nyumbani bila kitu. Simu za mamaye alizipokea kwa nadra. Hiyo ndiyo safari yenyewe ya mzee, ingawa siku zote tulizokaa sikumsikia akilitaja jambo hilo hata mara moja.

Wakati wa kuchinja jogoo, mama wa nyumba alinikabidhi mimi kisu. "Chinja wewe, Sheikh, ili sote tule sahani moja." Mzee akaniambia kwamba kwao si jambo geni. Misafara ya Waswahili ilifika kwa Nabongo Mumia tangu karne ya 19, na Uislamu umekaa Mumias hadi leo. Majirani wamejifunza zamani namna ya kula pamoja.

Chakula kilipoandaliwa, firigisi iliwekwa mbele ya mzee. Msomaji afahamu kwamba kwa Waluhya firigisi si kipande cha nyama tu. Ni haki ya mwenye nyumba, na mwingine haigusi ila kwa idhini yake. Mpwa aliitoa kwa heshima ya mjomba wake. Mzee akairudisha. "Nyumba hii ina mwenyewe," alisema, "na mwenyewe ni wewe." Kijana aliinamisha uso, akaila. Hakuna aliyeongeza neno, lakini kutoka hapo mazungumzo yakafunguka, na usiku huo aliuliza habari za kila ng'ombe na kila jirani.

Mjini kwa miguu

Siku hiyo ya kufika ilikuwa Ijumaa. Mzee alikataa kupanda matatu asubuhi, akangoja hadi saa nne, kwa kuwa nauli hupanda wakati watu wanapokimbilia kazini, na hupanda tena mvua ikinyesha. Tulikwenda hadi Msikiti wa Jamia, wenye kuba tatu na minara miwili, uliokamilika mwaka 1933. Nilipokuwa ndani kwa sala ya Ijumaa, yeye alisimama kwa mwuza magazeti akisoma vichwa vya habari bila ya kununua, kama wafanyavyo wenyeji wengi.

Kisha tukapumzika katika bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa watu wa mji mwaka 1906 na Alibhai Mulla Jeevanjee, tajiri Mwislamu wa Kibohora. Hapo makarani hujinyoosha nyasini, wahubiri huhubiri, na wenye siasa hubishana. Kiingilio hakuna. Kabla ya saa kumi tulikuwa tumerudi Kangemi.

Jumapili tulikwenda uwanjani, sisi wawili na mpwa, kutazama AFC Leopards, klabu iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya United. Katika jukwaa la mashabiki isukuti ilikuwa ikilia. Mzee akanigusa bega. "Nusu ya pili ndiyo hii."

Mpwa na mkewe walitusihi tukae wiki nzima. Mzee alikataa, na jioni ile ile tukafunga safari. Nilikumbuka mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.), kwamba ugeni ni siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka, wala haimfalii mgeni kukaa hadi akamtia mwenyeji wake dhiki. Wahenga wetu nao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mzee hakusoma vitabu vyetu, lakini adabu hiyo aliijua.

Pale kituoni kijana alisema, "Mjomba, Desemba nitajaribu kuja." Mzee akamjibu, "Njoo hata mikono mitupu. Fahali hawatakuuliza umeleta nini." Nilipata habari baadaye kwamba alikwenda, pamoja na mke na watoto, na kilo mbili za sukari.

Basi msomaji, ukienda Nairobi, au Dar es Salaam, au mji wowote mkubwa, usiulize kwanza hoteli iko wapi. Uliza ni nani wa kwenu anayeishi huko ambaye hajajuliwa hali siku nyingi. Beba chakula chako, uende kwake, umwache akae mahali pake pa mwenye nyumba, na siku ya tatu uage.