Nyama Haisubiri: Safari ya Kitoweo Kutoka Porini Eyasi

Pundamilia dume aliyekomaa hufikia kilo 250. Mwindaji wa Kihadzabe anayemwangusha katika vichaka vya Ziwa Eyasi, upande wa Mang'ola wilayani Karatu au kule Yaeda Chini wilayani Mbulu, hana gari wala barafu. Ana upinde, kisu, na watu wa kambini kwake. Tangu mnyama anapokata roho, mwindaji huyo anakabiliwa na vitu viwili kwa wakati mmoja: mzigo usiobebeka na mtu mmoja, na joto linaloiozesha nyama.

Sifa nyingi za uwindaji huenda kwenye shabaha. Kwa maoni yangu, elimu kubwa zaidi imo katika saa zinazofuata, na sisi tusiowinda tunaihitaji kuliko tunavyofikiri.

Mnyama mkubwa hapatikani kila siku. Watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, walioishi na Wahadzabe katika miaka ya 1980, walikuta kwamba mwindaji huangusha mnyama mkubwa takriban mara moja katika siku 30 za kuwinda. Mshale hupakwa sumu ya mimea inayovuruga mapigo ya moyo, na mnyama aliyechomwa haanguki palepale. Mwindaji humwacha aende zake, hurudi kambini kuita wenzake, kisha hufuata nyayo na matone ya damu, mara nyingi kesho yake alfajiri. Akichelewa, fisi na simba humtangulia. Nyama iliyozunguka jeraha la mshale hukatwa ikatupwa.

Hapo ndipo joto linapoanza kazi. Mnyama aliye hai ana joto la nyuzi 38 hivi za Selsiasi. Akifa, damu haizunguki tena kulipeleka joto kwenye ngozi, lakini chembe za misuli huendelea kwa muda kutumia sukari iliyobaki ndani yake na kuzalisha joto jingine. Paja nene lililofunikwa na ngozi hukaa na joto saa nyingi, kama mtu aliyejifunika blanketi mchana wa Eyasi. Bakteria kutoka utumboni hupenda hali hiyo. Baadhi yao huongezeka maradufu katika muda usiozidi dakika 20. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupasua tumbo bila kuchana utumbo, kutoa matumbo, kuchuna ngozi na kutenganisha mapaja ili upepo upite. Mtu aliyechelewa kufanya hivyo anaweza kukuta nyama ya juu inaonekana safi, kumbe iliyogusa mfupa imekwisha kunuka.

Ile sukari ya msuli ina faida pia. Baada ya kifo hugeuka kuwa asidi, na nyama iliyokuwa na pH ya karibu 7 hushuka hadi 5.5 hivi, kiwango kinachowapunguzia bakteria kasi. Mnyama aliyekimbizwa mbio ndefu hufa akiwa ameimaliza sukari hiyo. Nyama yake hubaki nyeusi, yenye kunata, na huharibika mapema. Mchinjaji yeyote anayepokea ng'ombe waliochoshwa na safari anaifahamu nyama ya namna hiyo.

Kisha huja swali la mzigo. Swala pala wa kilo 50 hubebwa mzima begani. Pundamilia hukatwa vipande vikagawiwa wabebaji, wanaume kwa wanawake. Kwa mnyama mkubwa zaidi, kama wale twiga waliorekodiwa na watafiti wakati ule, mara nyingine kambi nzima ilihamia penye mnyama. Kabla ya kuondoka, watu hula palepale: maini huchomwa, mifupa ya miguu huvunjwa ili wapate uboho, na tumbo lililoshiba hubeba sehemu ya mzigo. Mnofu unaweza pia kukatwa vipande virefu vyembamba na kuanikwa. Karibu robo tatu ya nyama mbichi ni maji, hivyo anayeikausha huondoa uzito na wakati huohuo humnyima bakteria unyevu anaouhitaji.

Mfupa upi ubebwe na upi uachwe? Mnofu wa paja huchunika upesi, na mfupa wake ukishatolewa uboho unaweza kubaki porini. Pingili za uti wa mgongo zina nyama iliyojificha kwenye mianya. Kisu hakiifikii, ila chungu kikichemka huitoa, na kwa sababu hiyo mfupa mzito kama huo unaweza kustahili kubebwa. Watafiti wameandika mengi wakibishana kuhusu uchaguzi huu, na ubishi wao unagusa Olduvai, ndani ya Ngorongoro. Mwaka 1959 Mary Leakey aligundua pale fuvu lililoitwa Zinjanthropus, na katika tabaka hilo lenye umri wa takriban miaka milioni 1.84 yalipatikana mawe yaliyochongwa pamoja na mifupa yenye alama za kukatwa. Je, viumbe walioikata mifupa hiyo waliwinda, au walinyang'anya mabaki ya simba? Na kwa nini baadhi ya mifupa imo na mingine haimo? Watafiti kadhaa walikwenda Eyasi kutafuta jibu. Msaada walioupata ni mkubwa, lakini nasisitiza: Mhadzabe ni mtu wa leo mwenye kisu cha chuma na sufuria, hakuwekwa duniani awe kioo cha watu wa kale.

Sehemu inayonitia wasiwasi ni ya wale wanaokutana na mzoga wa mnyama ambaye hawakumuua. Ukanda wa Ngorongoro, Manyara na Monduli una historia ndefu ya kimeta. Mwaka 1984 ugonjwa huo uliwafyeka swala pala wa Hifadhi ya Ziwa Manyara, na mwaka 2016 ulizuka katika Kata ya Selela, Monduli, ukaua nyumbu na kuwaambukiza watu. Bakteria wake, akikutana na hewa, hujigeuza spora ngumu inayoweza kudumu miaka mingi katika udongo. Mzoga usiopasuliwa huwaua wengi wa bakteria hao kwa kuoza kwake wenyewe. Kisu ndicho kinachowafungulia njia. Dalili za hatari ni mnyama aliyevimba upesi, asiyekakamaa, anayetoka damu nyeusi isiyoganda puani au njia ya haja.

Anayemchuna mnyama huyo huweza kuota kipele kinachowasha, kikageuka kidonda kisichouma chenye kigaga cheusi. Anayeila nyama yake huweza kupata homa, maumivu makali ya tumbo na kuhara damu. Kupika hakutoshi kumlinda, kwa sababu spora huvumilia joto, na aliyeikata amekwisha kuishika. Viuavijasumu huutibu ugonjwa huu vizuri mgonjwa akiwahi.

Sheria nayo iko wazi. Uwindaji hauruhusiwi ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, na kwingineko Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hudai kibali. Tangu kanuni za mwaka 2020, nyamapori inaweza kuuzwa kihalali katika bucha zenye leseni. Nyama inayopitishwa usiku kwenye gunia haina mkaguzi, na mnunuzi hajui mnyama alikufa lini wala alikufa kwa nini.

Ukikuta mzoga njiani Oldeani, Endulen au kando ya shamba lako la vitunguu Mang'ola, usiupasue, usiuchune, na mbwa wako asiuguse. Mwite afisa mifugo wa kata au askari wa wanyamapori siku hiyohiyo. Na kama umeshaushika na umeona kidonda, nenda zahanati leo na umwambie mganga kwamba ulishika mzoga.