Kukaa Nje Muhula Mmoja Hakurudishi Msaada wa Masomo

Swali ni lile lile, anayeuliza tu ndiye hubadilika. Matokeo yakishatoka, Januari na tena Juni, simu zinaanza: "Anko, chuo kimenikatia msaada. Nikikaa nje muhula mmoja, si utarudi?" Hautarudi. Mihula miwili je? Hautarudi. Na akikaa mwaka mzima, akapiga kazi ghalani na kutuliza kichwa kabla ya kurudi? Atarudi na kichwa kilichotulia na msaada uliokatwa vile vile.

Nimelijibu swali hili kwa Wakongo, Wakenya na Watanzania walioko vyuo vya Marekani, na kila mmoja ana binamu aliyemhakikishia kwamba mambo huenda hivyo. Basi tuifanye hesabu mara moja hapa, ili binamu naye aisome.

Chuo hakihesabu miezi uliyokaa nyumbani, kinahesabu krediti. Kipimo chenyewe, ambacho vyuoni huitwa SAP, kina sehemu tatu: wastani wa maksi, ambao kwa vyuo vingi ni 2.0, uwiano wa krediti ulizofaulu na ulizojiandikisha, kwa kawaida asilimia 67, na kikomo cha asilimia 150 ya urefu wa programu, yaani shahada ya krediti 120 hailipiwi baada ya kujaribu krediti 180.

Mchukue kijana aliyejiandikisha krediti 24 mwaka wa kwanza, akafaulu 12. Ana asilimia 50. Akaenda kwa shangazi yake Minnesota, akakaa mwaka. Siku anarudi ana krediti 12 kati ya 24, asilimia 50 ile ile. Hata akichukua krediti 12 na kufaulu zote, anafikisha 24 kati ya 36. Hiyo ni asilimia 66.67, na kuna vyuo ambavyo havitaisukuma ifike 67 kwa kumwonea huruma. Kozi aliyoiacha katikati ikaandikwa W, akajipongeza kwamba ameikwepa F? Wastani haukuguswa, ni kweli, lakini kwenye uwiano inasomeka kwamba alijaribu na hakumaliza.

Uvumi huu una vyanzo vyake. Fomu ya FAFSA, ile ya kuombea msaada wa serikali, hujazwa upya kila mwaka, kwa hiyo watu wanadhani na kumbukumbu huanza upya. Hazianzi. Halafu kuna kusimamishwa masomo na ofisi ya taaluma: hapo kweli unaweza kuambiwa ukae nje muhula mmoja kisha urudi darasani. Ila ofisi hiyo ni nyingine kabisa. Barua yake inakufungulia mlango wa darasa. Ofisi ya msaada wa fedha ina kanuni zake na barua yake. Nimeona wazazi wakisherehekea ile ya kwanza, na wiki mbili baadaye ikaingia bili ya muhula mzima.

Na yule rafiki "aliyekaa nje akarudishiwa"? Mwulize vizuri. Atakwambia, baada ya kuzunguka sana, kwamba alilipia kozi mbili tatu kutoka mfukoni, akafaulu, hesabu ikapanda. Kilichomrudishia msaada ni kufaulu, kukaa nje hakukuwa na kazi yoyote.

Kukaa nje kuna madhara pia. Mwenye mkopo wa serikali akishuka chini ya nusu ya mzigo wa masomo, ile miezi sita ya neema huanza kuhesabiwa. Ikiisha, anatakiwa kulipa. Na aliyeondoka kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya fedha hurudishwa serikalini na chuo kinaweza kumdai yeye. Hivyo ndivyo anavyopumzika.

Sasa rufaa, haraka haraka. Kama chuo chako hupima kila muhula, huenda umepewa muhula mmoja wa onyo ambao msaada unaendelea bila rufaa. Huo ndio wakati wa kumwona mshauri. Ukishakatiwa, soma fomu ya chuo chako na tarehe yake ya mwisho leo hii. Kama sababu za rufaa, kanuni inataja kifo cha ndugu, wewe mwenyewe kuumia au kuugua, na mazingira mengine maalumu. Haikusema ndugu huyo awe amezikwa Marekani: msiba wa Bukavu au Tanga ni msiba, leta cheti na tafsiri yake. Uamuzi wa chuo ni wa mwisho, Wizara ya Elimu kule Washington haipokei rufaa hizi.

Barua za watu wetu huanza na nusu ukurasa wa heshima na taadhima, yakafuata magoti, machozi na ahadi ya kuongeza bidii. Kamati haina la kufanya na hayo. Inataka mambo mawili: nini kilitokea, na nini kimebadilika. "Oktoba mama alilazwa wiki tatu, mimi ndiye niliyekuwa nikimtafsiria hospitalini, nikakosa mitihani miwili. Tangu Machi dada amehamia nyumbani, kliniki anampeleka yeye. Zamu zangu za usiku nimezipunguza kutoka tano hadi mbili." Ambatisha barua ya hospitali na ratiba ya kazi. Inatosha.

Ikikubaliwa, utapata muhula mmoja wa majaribio, au mpango wa masomo wa mihula kadhaa. Mpango ukisema krediti 9, usichukue 15 ili ufidie. Ikikataliwa, uliza kama unaweza kujilipia kozi chache hapo hapo. Kuhama chuo kunawezekana, lakini ruzuku ya Pell uliyokwisha kutumia inakufuata, na kikomo chake ni sawa na mihula 12 ya kutwa. Chuo cha jamii ni nafuu zaidi kwa kurekebisha hesabu. Ila kabla ya kulipa hata dola moja, chuo chako kikuandikie kwamba krediti hizo kitazipokea.