Panya Wasiohisi Sumu

Katika maabara za Marekani upo ukoo wa panya wadogo uitwao C3H/HeJ. Mnamo miaka ya 1960 wataalamu waliona ajabu: panya hao walipodungwa sumu itokayo katika ganda la nje la bakteria fulani, kwa kiasi cha kuwaua panya wengine, hawakudhurika. Je, walikuwa na kinga bora? La hasha. Walipoambukizwa bakteria hai wa Salmonella, hata wachache tu, walikufa, ilhali ndugu zao wa karibu walistahimili.

Sababu ilionyeshwa mwaka 1998 na kikundi cha Bruce Beutler, mjini Dallas. Jeni iitwayo Tlr4 ilikuwa imebadilika mahali pamoja tu. Hivyo protini yake, ambayo huitambua sumu hiyo, ikashindwa kupeleka habari ndani ya seli. Msomaji azingatie jambo hili: madhara mengi hayatokani na sumu yenyewe. Ni mwili, ukisha kupata habari, unaowasha homa na uvimbe, pengine kupita kiasi hata ukajiua. Panya asiyepata habari huokoka na sumu, lakini bakteria huzaliana mwilini mwake kabla ya askari wa kinga kuamshwa.