Mnanaa wa Paka Wenye Harufu ya Limau

Mkulima wa Uasin Gishu akitajiwa mazao, moyo wake huenda kwenye mahindi, ngano na maziwa. Lakini liko zao jingine linaloulizwa mara kwa mara, nalo ni mnanaa wa paka, ambao wataalamu huuita Nepeta cataria. Hukeneka mafuta ya kunukia.

Kabla ya kununua mbegu, ni lazima ajue kwamba mmea huu una aina mbili, na mafuta yake hayafanani. Aina ya kawaida ina nepetalaktoni nyingi, kitu kile kimlevyacho paka hata akagaagaa chini. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mafuta hayo huwafukuza mbu waenezao malaria na hata kupe. Aina ya pili, citriodora, ina nepetalaktoni kidogo sana. Yake ni jiranioli, neroli na sitrali, vitu vya manukato na sabuni. Tena zikipandwa karibu, nyuki huzichanganya, na mbegu zake haziaminiki tena.

Kuulima si kazi ngumu. Mbegu ni ndogo mno, kwa hiyo huanzishwa kitaluni, kisha miche huhamishwa mvua zikishatulia. Haupendi maji yatuamayo. Hukatwa maua yanapochanua, nao huchipua tena.

Shida iko kwenye mtambo. Mvuke hupitishwa katika majani, ukapozwa ndani ya bomba lililozungukwa na maji baridi, na mafuta yakatenganishwa na maji. Katika kilo 100 za majani mabichi mara nyingi hupatikana chini ya nusu kilo ya mafuta, na kuni hazipatikani bure. Wanaokumbuka miwati ya kampuni ya EATEC, ambayo magome yake yalipelekwa kiwandani hapa Eldoret, wanajua jinsi zao la namna hii linavyotegemea kiwanda.

Majirani zetu wa Kakamega walilitambua hilo. Kikundi cha wakulima cha Muliru, kando ya msitu, kilisaidiwa na watafiti wa ICIPE kupata mtambo wake chenyewe, kikakeneka mafuta ya mrihani wa mwitu na kuuza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kilipewa Tuzo ya Equator.

Kwa maoni yangu, mtu mmoja peke yake asiguse ekari yake ya mahindi. Watu kumi wenye vipande vidogo na mtambo mmoja, na mnunuzi aliyekwisha kuonyeshwa chupa ya mafuta akasema bei yake, hao waweza kuanza.